Saa Tatu na Nusu, Tuseme Usiku

Daftari lilianzia Morogoro, mwezi wa pili,
lile la hesabu la Kheri lililobaki kurasa.
Nikapiga safu tatu kwa rula: SAA, MAHALI, PESA.
Saa tatu asubuhi, ngome iliyokaa juu ya jabali.
Saa tano, makumbusho. Bure. Nilipigia mstari mara mbili.
Saa saba, kilima cha upepo, picha ya sisi sote wanne.
Nasra akasoma mpaka chini, akaniomba kalamu,
akachora safu ya nne bila rula, ikapinda,
na juu yake akaandika: CHOO.

Nilicheka.

Leo tumepanga foleni ya ngome nusu saa,
na tulipobakisha watu wawili mbele yetu
Shamsa akanivuta suruali, akasema neno la safu ya nne.
Tukatoka. Tukarudi mkiani.
Makumbusho tuliyaona: lifti yake,
kupanda mara sita, kushuka mara sita,
Kheri akimbonyezea kila mtu namba yake kama karani.
Kilima ndicho kilichotuona sisi. Upepo ukaondoka na kofia.
Chai mbili na keki moja: nikazidisha pauni kichwani
nikapata robo ya mbuzi,
nikaila kwa heshima, hata makombo.

Sasa ni saa tatu na nusu usiku.
Nasema usiku kwa mazoea tu.
Jua la Edinburgh limeegemea mapaa ya Leith
kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado yuko mlangoni.
Pazia la nyumba hii ya kupanga ni jepesi kama chandarua;
Nasra ametundika kanga yake juu ya pazia,
maandishi yakitazama barabara:
NIACHENI NIPUMZIKE.
Mtaa mzima unasoma, hakuna anayeelewa.
Mwenyewe amelala, kiatu kimoja mguuni.

"Baba, ulisema tunalala giza likiingia."
Nilisema.
"Halijaingia."
Halijaingia.

Sisi saa zetu tumezifunga kwenye jua kama ndama kwenye kigingi:
likichomoza, moja; likizama, moja nyingine;
mama yangu hutazama kivuli cha ndoo akajua ni sita.
Daftari langu lote limeandikwa kwa jua lile,
jua la ajira, linaloripoti saa moja na kutoka saa moja.
Hili la huku liliamka saa kumi na nusu alfajiri,
likawaamsha na hawa wawili,
na mpaka sasa halijaulizia nauli ya kurudi kwao.

Nimefungua ukurasa wa kesho.
Saa mbili, treni ya kwenda kwenye daraja jekundu.
Nimeitazama penseli. Nimemtazama Shamsa
akiruka juu ya kitanda cha watu.
Haya, vaeni makoti juu ya nguo za kulalia.
Twendeni tukalitazame hilo giza likiingia.

Ngazi sitini na mbili kushuka, kigari tukakiacha.
Tukakaa kizingitini pa kinyozi aliyekwisha kufunga.
Bwana mmoja na mbwa wake wakapita, akatuambia kitu
ambacho Kiingereza changu cha shule hakikukifahamu.
"Salama," akajibu Kheri.
Mbingu ikawa buluu, kisha buluu nyingine,
kisha ile isiyo na jina kwetu
kwa kuwa kwetu haikai muda wa kuitwa.
Taa ya barabarani ikawaka kabla hatujaihitaji.
"Limeingia?"
Bado kidogo.
"Linapitia wapi?"
Sikujua linapitia wapi. Shamsa alishakuwa mzito begani,
mate yake yakishuka shingoni mwangu.

Mstari mpya, kwa penseli, juu ya goti:
SAA: tano kasoro robo.
MAHALI: kwa kinyozi, nje.
PESA: bure.
CHOO: Kheri, tukiwa ngazi ya hamsini na tano, kupanda.